Wenye vyumba vya kupangisha, fedha zenu huvujia wapi? Tupeane uzoefu

Mwenye Vyumba, Kireka: Ndugu zangu, nina vyumba sita hapa Uganda, vya shilingi 300,000 kwa mwezi kila kimoja, navyo havikosi wapangaji, lakini kinachobaki mkononi kila mwezi hakilingani na daftari. Ninyi mliotangulia, huziba wapi?

Mama Bweyogerere: Umenikumbusha habari ya maji. Umeme haukunisumbua, maana kila chumba kina Yaka yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, lakini mita ya maji ilikuwa moja kwa uwanja mzima na gharama yake ilikuwa ndani ya pango. Bili ikaanza kupanda. Fundi akafukua mabomba yote asione penye kuvuja. Alfajiri moja nikapita bila taarifa, nikakuta foleni ya jerikani za manjano kutoka bombani hadi barabarani: mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa akiwauzia maji majirani, na wale aliowazoea akiwakopesha na kuwaandika kwenye daftari. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kwamba mkataba haukutaja idadi ya jerikani. Nikamwita mwenyekiti wa LC 1, baraza la kijiji, atusuluhishe, kumbe naye ni mteja. Sasa kila chumba kina mita yake ndogo, na bili imetulia.

Mzee wa Najjera: Habari ya maji ni kweli tupu.

Kijana wa Ntinda: Samahani, Mama, mwenyekiti naye alikuwa akidaiwa?

Mama Bweyogerere: Jina lake lilikuwa la kwanza.

Landilodi Mkali: Tuache vichekesho. Hasara kubwa ni mpangaji asiyelipa. Ng'oa mlango, atahama mwenyewe. Kisha pandisha pango kwa wanaobaki.

Msoma Sheria: Mzee wangu, usimponze mwenzetu. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inataka amri ya mahakama kabla ya kumtoa mtu.

Landilodi Mkali: Bila shaka nawe ni mpangaji.

Msoma Sheria: Ndiyo, tena nisiyedaiwa.

Mhasibu wa Mukono: Mimi ningefanya kinyume cha Mkali. Kumpunguzia mpangaji mwaminifu 20,000 kwa mwezi kunakugharimu 240,000 kwa mwaka, ilhali chumba hicho kikikaa kitupu miezi miwili umepoteza 600,000, bila kuhesabu rangi na ujira wa dalali. Nashangaa pia kwamba hakuna aliyeitaja URA, mamlaka ya mapato. Mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango linalozidi 2,820,000 kwa mwaka, wala hapunguziwi gharama za ukarabati. Vyumba sita vikijaa mwaka mzima huingiza 21,600,000, na kodi ya mapato inakuwa 2,253,600, yaani zaidi ya makusanyo ya mwezi mzima. Itenge kila mwezi, kwenye akaunti ambayo jamaa hawaijui.

Mzee wa Najjera: Hasa mashemeji.

Mwenye Vyumba, Kireka: Nashukuru. Mama Bweyogerere, mita hizo ndogo ulizinunua wewe, au uliwachangisha wapangaji?