Kifurushi cha mafuta ya nywele kimezuiwa forodha: nijibu nini?

Kutoka: Mama Pacha

Ndugu wanajumuiya, salaam nyingi. Nimepokea barua ya ofisi ya forodha ikinijulisha kwamba kifurushi alichonitumia mdogo wangu kimezuiwa na kwamba natakiwa kutoa maelezo ndani ya siku 14. Ndani yake mna chupa za mafuta ya nazi na kopo la siagi ya shea, vyote vya kupaka nywele za binti zangu, ambazo tangu tuhamie huku zimekauka na hukatika kila ninapozichana. Kwenye CN22, ile fomu ya posta ya kutangaza yaliyomo kwa forodha, mdogo wangu aliandika neno "mafuta" tu, akatia alama mahali pa zawadi, na chupa zenyewe hazina lebo. Ofisi inataka namba ya HS (namba ya kimataifa ya kupanga bidhaa forodhani), orodha ya viambato kwa majina ya INCI (majina ya kimataifa ya viambato vya vipodozi), na thamani. Aliyewahi kujibu barua ya namna hii anisaidie: niandike 1513 au 3305? Na je, niombe kirudishwe kilikotoka, au nikiache kiteketezwe?

Kutoka: Mzee Bandari

Mama Pacha, pole kwa usumbufu. Tuweke jambo moja sawa kabla watu hawajaanza kutaja namba ovyo. 1513 ni ya mafuta ya nazi yenyewe, yawe ghafi au yaliyosafishwa. 3305 ni ya vitu vilivyotayarishwa kwa ajili ya nywele, na 3305.10 ni ya shampuu peke yake, kwa hiyo usije ukaiandika hiyo. Ugumu ni kwamba mafuta yaleyale ya nazi yakishafungashwa ili yauzwe rejareja kama mafuta ya nywele huhamia 3305.90, na chupa isiyo na lebo haimwonyeshi ofisa kama ni hili au lile. Mimi nilipozuiliwa mafuta ya nyonyo tulivutana na ofisi kwa muda mrefu kuhusu thamani tu, kwa sababu aliyenitumia alijaza sifuri, nao wakashikilia kwamba zawadi nayo ina bei yake.

Kutoka: Baba Zamu ya Usiku

Ninavyofahamu mimi, kosa ni kutumia CN22. Ilipaswa kuwa CN23.

Kutoka: Mzee Bandari

Sivyo, ndugu yangu, na naomba tusimwongezee mama wa watu wasiwasi. CN22 ni ya vifurushi vidogo vya barua ambavyo thamani yake haizidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF); ikizidi hapo ndipo huja CN23. Kosa lililopo ni maelezo pungufu, si fomu.

Kutoka: Dada Msusi

Shikamoo Mzee Bandari. Mama Pacha, namba za forodha nawaachia wanaozijua, lakini siwezi kunyamaza kuhusu nywele za watoto, kwa maana hata kifurushi kikitoka leo, mafuta hayo peke yake hayatawaponya. Tazama birika lako la kuchemshia maji: ukiona utando mweupe mgumu umegandamana chini yake, basi ujue kwamba kalsiamu na magnesiamu hizohizo ndizo zinazobaki kwenye nywele za wanao kila unapoziosha, na unywele uliovaa utando huo huwa mkavu, mgumu, haupokei maji wala kondishena. Mafuta huyabakisha maji yaliyokwisha kuingia. Hayawezi kuwa maji. Wengi wetu tukiona nywele zimekauka huzidisha mafuta, kisha uchafu hushika juu ya mafuta hayo, na mba huongezeka.

Tafuta shampuu ambayo kwenye orodha ya viambato ina EDTA, kwa kawaida huandikwa "disodium EDTA" au "tetrasodium EDTA", ikiwa imetajwa kuwa ni ya kuondoa madini, na uitumie mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo, si kila wiki. Siku nyingine tumia shampuu ya kawaida isiyo kali, ukisugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole bila kutumia kucha, na kuacha povu lenyewe lipite kwenye nywele. Kisha paka kondishena nyingi, gawa kichwa mafungu manne, na hapo ndipo uchane, nywele zikiwa bado zimelowa na zinateleza, kwa chanuo lenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda polepole kuelekea kwenye mizizi huku mkono wa pili umeshika unywele juu ya fundo ili mtoto asivutwe kichwa. Anayeanzia kwenye mizizi huyasukuma mafundo yote chini mpaka yanakuwa fundo moja, na hapo lazima nywele zikatike. Ukimaliza, paka mafuta kidogo nywele zikiwa na unyevu, kisha songa mabutu makubwa. Usiku walale na kilemba cha satini, kwani pamba hunyonya unyevu na kukwaruza.

Kutoka: Baba Zamu ya Usiku

Tulifunga kichujio kwenye bomba la kuogea na mambo yakaisha. Nashauri aanzie hapo.

Kutoka: Mkemia

Vichujio vingi vya bomba la kuogea hupunguza klorini, lakini havigusi kalsiamu. Kinachoondoa ugumu wa maji, yaani hayo madini, ni mtambo wa kubadilishana ayoni, ambao hufungwa kwenye bomba kuu la nyumba na ambao mpangaji hana ruhusa ya kuufunga. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wengi wakitumia fedha zao kwa kitu hicho wakitarajia kazi ambayo hakikuundwa kuifanya.

Dada Msusi nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ila mafuta ya nazi hayastahili kuwekwa fungu moja na mafuta mengine. Asidi ya lauriki iliyomo ina molekuli ndogo, iliyonyooka, nayo hupenya ndani ya unywele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini, yalipopakwa kabla ya kuosha na hata baada ya kuosha. Kwa hiyo Mama Pacha ana haki ya kuyataka mafuta yake. Ayapake saa chache kabla ya kuosha, maana unywele uliokwisha kunywa mafuta huvimba kidogo tu ukipata maji, na huko kuvimba na kusinyaa kila mara ndiko kunakouchosha.

Kuhusu forodha, ofisa haogopi nazi. Anaogopa kopo lisilo na lebo lenye kitu cheupe ndani, kwa sababu krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki husafirishwa hivyohivyo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni, lakini bado vinapita.

Kutoka: Baba Zamu ya Usiku

Vinapita kwa sababu sisi wenyewe tunavinunua, na serikali zetu hupiga marufuku kwenye magazeti kisha huwaacha wauzaji wakubwa. Anayeumia ni mama aliyetumiwa siagi ya shea. Hili linaniuma.

Niseme jambo jingine. Mimi humsuka binti yangu mwenyewe nikitoka kazini asubuhi, na sikufundishwa na mtu. Nyumbani kulikuwa na dada na shangazi, mtoto alikaa chini katikati ya magoti yao na hadithi zikaendelea mpaka nywele zikaisha. Huku tumebaki wawili na chanuo, na kuna asubuhi ambazo upweke huo ni mzito kuliko kazi.

Kutoka: Dada Msusi

Baba Zamu, Mungu akutie nguvu. Kazi unayoifanya ni kubwa. Ila tafadhali nieleze, unamsuka kwa kubana kiasi gani? Wengi wanaojifunza peke yao hukaza sana ili msuko ukae muda mrefu.

Kutoka: Mama Pacha

Nawashukuru wote. Birika nimelitazama, na ni kama Dada Msusi alivyosema. Ila naomba kurudi kwenye barua: je, majina ya INCI naweza kuyaandika mwenyewe, au lazima yatoke kwa mtengenezaji, ambaye ni mama mmoja wa jirani asiye na karatasi yoyote? Na jambo jingine: pacha mmoja nywele zake za mbele, karibu na masikio, zinazidi kuwa chache, nami sijui kama zinakatika au zinang'oka.

Kutoka: Mkemia

Mafuta ya nazi ni "Cocos Nucifera Oil" na siagi ya shea ni "Butyrospermum Parkii Butter". Kama ofisi itakubali karatasi iliyoandikwa na mpokeaji, Mzee Bandari ndiye wa kusema.

Kutoka: Dada Msusi

Mama Pacha, hilo la nywele za mbele lisisubiri forodha. Zikusanye zilizobaki kwenye chanuo uziangalie kwenye mwanga: wenye kifundo cheupe mwishoni umetoka kwenye mzizi, na mtu mzima hupoteza wa namna hiyo kati ya 50 na 100 kwa siku bila kuwa na ugonjwa; mfupi usio na kifundo umekatika. Lakini nywele zikipungua pembezoni mwa uso tu, kwa mtoto anayesukwa, mimi hushuku msuko wa kubana kwanza. Fumua misuko yote sasa, usimfunge mkia wa kuvuta wala kumwongezea rasta, na eneo hilo liache wazi bila kusuka kwa miezi kadhaa. Ngozi ikiwa bado ina vitundu vya vinyweleo, nywele hurudi. Ikiwa imekuwa laini na inang'aa, au ina vipele na usaha, mpeleke kwa daktari wa ngozi wiki hii. Baba Zamu, na wewe mtazame binti yako mahali hapohapo.

Kutoka: Baba Zamu ya Usiku

Nimemtazama. Kuna vipele vidogo vyeupe kwenye mistari ya mbele, na jana usiku alilalamika kichwa kinamuuma. Nifumue leo, au nisubiri ngozi itulie?

Kutoka: Dada Msusi

Fumua leo. Lowesha kwanza kwa maji na kondishena, anza na mistari ya mbele, na usichane sehemu yenye vipele mpaka vikauke.