Dakika 10, watu 40, slaidi 22: nianzie wapi?

Mleta uzi
Wakuu, salaam. Baada ya wiki mbili natakiwa kuwasilisha pendekezo la kazi mbele ya watu 40, wakiwemo wakuu wa idara. Nina dakika 10, kisha maswali. Pendekezo lenyewe: fomu za wateja zikaguliwe wakiwa bado kwenye foleni, wasingoje kufika dirishani ndipo waambiwe kuna kasoro. Slaidi ninazo 22. Huwa nazisoma neno kwa neno, muda unaisha kabla sijafika kwenye hoja, na sauti inatetemeka mwanzoni. Nimeambiwa "weka hadithi", ila sioni hadithi inaingiaje kwenye ripoti. Naomba ushauri wa vitendo, "jiamini" nimeshausikia.

Mchangiaji wa 1
Funga kompyuta kwanza. Andika kwa mkono sentensi moja unayotaka watoke nayo. "Nitazungumzia huduma kwa wateja" ni jina la mada tu. "Tumweke mtu mmoja akague fomu kwenye foleni kwa mwezi mmoja, tuone" ndiyo hoja, kwa sababu mkuu wa idara anaweza kuikubali au kuikataa.

Kisha pitia slaidi moja moja: nikiitoa hii, hoja inaanguka? Isipoanguka, itoe. Zitabaki kama sita. Unazisoma kwa sababu umebandika hotuba nzima ukutani. Kila slaidi ibaki na kichwa kifupi na picha au tarakimu moja, herufi za saizi 28 kwenda juu. Maelezo marefu yaweke kwenye karatasi, uigawe mwishoni. Ukiigawa mwanzoni utahutubia visogo.

Muda: panga dakika 8, si 10. Kisa moja na nusu, ukubwa wa tatizo mbili, pendekezo tatu, unachoomba moja na nusu. Mbili zilizobaki zitaliwa na projekta na waliochelewa.

Mchangiaji wa 2
Kuhusu hadithi, hakuna aliyesema uanze na paukwa. Kisa cha kazini kinahitaji mtu mmoja, anachokitaka, kinachomzuia, na alivyoishia. Mfano:

"Saa mbili asubuhi mama mmoja anachukua namba 31. Saa tano kasoro robo anafika dirishani. Anaambiwa fomu haina sahihi ya mdhamini. Anaikunja, anaondoka. Kuitazama sahihi hiyo kungechukua nusu dakika, saa ile ile ya mbili."

Hakuna "huduma mbovu" wala "inasikitisha" humo. Kusikitika waachie wao. Kinachoharibu visa vingi ni kuanzia mbali, historia ya idara na kadhalika, au kuwa na wahusika wanne ambao msikilizaji hawezi kuwatofautisha. Kosa baya zaidi ni kufafanua maana baada ya kumaliza. Ishia kwenye "saa ile ile ya mbili", nyamaza sekunde mbili, endelea. Kisa kiwe kimetokea kweli, bila jina la mteja. Kama umekitunga, anza na "chukulia kwamba".

Mchangiaji wa 3
Napinga kidogo. Mama mmoja si ushahidi. Atatokea mtu aseme "huyo ni mmoja", na kisa chote kitakufa hapo hapo.

Mchangiaji wa 2
Kweli, ndiyo maana tarakimu ifuate papo hapo. Mleta uzi, hesabu kwa siku tano: wangapi wamefika dirishani, wangapi wamerudishwa kwa kasoro ya fomu. Kwa mdomo sema "mmoja kati ya sita", kama ndivyo itakavyotoka. Asilimia yenye nukta ibaki kwenye slaidi. Tarakimu moja inatosha. Ukitaja saba, hata ile ya maana itasahaulika.

Mchangiaji wa 4
Mazoezi ni ya mdomo, umesimama, saa ikihesabu. Kusoma kimya kunadanganya, maana macho hukimbia kuliko ulimi. Usikariri yote: aliyekariri akipoteza neno moja, mnyororo wote unakatika. Kariri sentensi mbili za mwanzo na moja ya mwisho. Katikati jua mpangilio tu, kwenye kadi moja yenye maneno matano. Fanya mara moja kwa siku, na kila safari ya tatu jirekodi kwa simu. Ukisikiliza, tafuta mawili tu: "yaani" na "eee" zinaangukia wapi (hapo ndipo usipopajua vizuri), na sentensi gani inakuishia pumzi. Hiyo ikate vipande viwili.

Mleta uzi
Shukrani wakuu. Na ile sauti?

Mchangiaji wa 5
Hofu inakufanya upumulie kifuani, juu juu, ndipo sauti inapanda na kutetemeka. Kabla ya kuitwa, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara tano. Kutoa ndiko kunakotuliza, kwa hiyo kuwe kurefu zaidi. Usishike karatasi laini, inatangaza mtetemeko wa mkono; kadi ngumu inauficha. Mtazame mtu mmoja mpaka sentensi iishe, ndipo uhamie kwa mwingine.

Maiki iwe umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni, na usisimame mbele ya spika, itapiga yowe. Kama unatumia PowerPoint, kubonyeza B wakati wa kuonyesha kunazima picha; fanya hivyo unaposimulia kisa, ili wakuangalie wewe. Beba pia nakala ya PDF kwenye flashi.

Maswali yasiwe mwisho wako. Sema "nitachukua maswali, kisha nimalizie", ili swali la kukera lisiwe jambo la mwisho kusikika. Lililokushinda, jibu: "Sina tarakimu hiyo hapa, nitakuletea kesho." Na kweli ipeleke kesho.