Naomba ushauri: sindano ya seli shina kwa goti lililosagika

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba msaada, hasa kwa madaktari wa mifupa na waliowahi kumuuguza mtu mwenye tatizo hili.

Mama yangu ana miaka 64. Goti la kulia limesagika. Kwenye eksirei, upande wa ndani mifupa inakaribia kugusana. Ngazi anashuka kinyumenyume huku ameshika ukuta. Dawa za maumivu alitumia mpaka tumbo likakataa, mazoezi ya fiziotherapia anaendelea nayo, na sindano ya steroidi ilimpa nafuu ya muda mfupi tu.

Sasa kliniki moja inatuahidi kuotesha upya gegedu (tabaka laini linalokinga ncha za mifupa kwenye goti) kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kutoka kwenye uboho wa mifupa yake mwenyewe, na inataka fedha yote kabla. Nimejisomea. Utafiti wa Marekani uliotoka katika jarida la Nature Medicine mwaka 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 400, ulilinganisha sindano za seli, za uboho zikiwemo, na steroidi. Baada ya mwaka mmoja hazikuizidi steroidi kwa kupunguza maumivu. Korea Kusini nayo iliidhinisha Cartistem, tiba ya seli shina kwa gegedu la goti, mwaka 2012, lakini hiyo hutokana na damu ya kitovu na huwekwa kwa upasuaji, siyo sindano. Mama ameshaanza kutumaini, na mimi siwezi kumpa jibu.

Je, kuna aliyechomwa sindano hii ya uboho, kisha picha ya kipimo cha MRI ikaonyesha gegedu limeongezeka kweli? Na kwa hatua aliyofikia mama, fedha hiyo si bora tuiweke kwa ajili ya kubadilishiwa goti?