Evo IX niliyoichezea kwa GR Yaris: nibadilishe au nibaki nayo?

TaboKubwa:
Wakuu salama? Nina Mitsubishi Lancer Evolution IX (Evo) ya 2006, gia manual, nimekaa nayo miaka na haifanani tena na ilivyotoka kiwandani. Tabo kubwa zaidi, injekta, pampu ya mafuta, intakula (kipoza hewa ya tabo), ekzosi nzima kuanzia kwenye tabo mpaka nyuma, koiliova (shokapu na springi za kurekebisha urefu), na kompyuta ya injini imetyuniwa upya ili ikubaliane na hivyo vitu. Inakwenda kweli kweli, tabo ikishakamata unabanwa kwenye siti. Ila imeanza kunichosha. Klachi yake ni ya mashindano, kwenye foleni mguu wa kushoto unatetemeka, kila nikiwasha lazima nisikilize milio kwanza, na kuna spea za bodi siku hizi zinatafutwa kwa tochi.

Sasa kuna yadi ya magari ina Toyota GR Yaris ya toleo lililoboreshwa 2024, wako tayari kuchukua Evo nikiongezea hela. Tatizo wanaihesabu kama Lancer ya zamani tu, kila nilichofunga wanakipa sifuri, na mkaguzi wao kaandika "imechezewa" kwenye safu ya kasoro. Iliniuma sana. Waliowahi kupita njia hii nisaidieni, nakubali au nafanyaje?

FundiWaJioni:
Mkuu usiipeleke yadi hivyo ilivyo. Yadi inanunua gari itakayomuuzia mtu yeyote, na mtu yeyote anaogopa gari iliyochezewa kwa sababu hajui nani aliityuni wala injini imebanwa kiasi gani. Hela yako imo mle lakini inaonekana na watu wachache tu, hao ndio uwatafute.

Kama bado una tabo ya kiwandani, ekzosi na shokapu za mwanzo, rudisha gari kwenye asili, uza vile vitu kimoja kimoja. Evo IX isiyoguswa inatafutwa kuliko yenye nguvu nyingi, maana wengi wameshaziharibu. Kompyuta nayo irudishwe kwenye ramani ya kiwandani (mpangilio wa mafuta na cheche) SIKU HIYO HIYO unayorudisha injekta, usiiwashe hata dakika moja na ramani ya injekta kubwa, mafuta yatakuwa machache mno kwa hewa inayoingia na ukiikanyaga unaweza kuua pistoni.

Halafu pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote nne, andika namba, weka na risiti za taimingi belti. 4G63, yaani injini ya Evo yako, ina belti mbili pale mbele, ile kubwa na ile ndogo ya shafti za kutuliza mtetemo. Ile ndogo ikikatika inaweza kuingia kwenye kubwa, taimingi inaruka, valvu zinapigana na pistoni, injini imekwisha. Mnunuzi anayejua Evo atauliza hilo kabla hajauliza bei.

GiaYaTatu:
Mimi napinga wazo zima. Bloku ya 4G63 ni chuma, Evo X ikaja na injini nyingine ya alumini, na ilipofika 2016 wakafunga kabisa uzalishaji wa Evo. Hakuna nyingine inayokuja. GR Yaris unaweza kuinunua hata baadaye ila Evo IX nzuri ukishaiachia kuipata tena ni kazi. Kinachokuchosha ni klachi kaka, sio gari! Funga klachi laini, punguza upepo wa tabo kidogo, ukae nayo mwaka mwingine.

DadaKlachi:
GiaYaTatu nakuelewa ila umeongea kama mtu ambaye gari yake ya mbio haimpeleki kazini. Mimi nimetoka kwenye Subaru Impreza STI iliyofungwa vitu kibao nikaingia GR Yaris. Nilichopenda sio nguvu, wa kwangu una silinda tatu tu, 1.6, na STI yangu ilikuwa na nguvu kuizidi. Nilichopenda ni kwamba nawasha asubuhi ya baridi naondoka. Kwenye kona ni nyepesi, kama kilo 1,280, dari ya kaboni, milango na boneti alumini, unaisikia inavyokubali kugeuka bila kuibembeleza.

Hilo toleo la 2024 wameshusha siti ya dereva milimita 25, na niamini hiyo ni tofauti kubwa, kwenye la mwanzo unakaa juu kama uko kwenye stuli. Kubaya kwake: stelingi ya umeme haikuambii barabara ikoje kama ile ya haidroliki uliyozoea, siti za nyuma ni za mabegi, na haina mlango wa nyuma wa abiria. Kama una watoto fikiria hilo kwanza kabla ya nguvu farasi.

TaboKubwa:
Asanteni sana. Tabo na ekzosi za mwanzo ninazo stoo, injekta pia, shokapu niliziuza zamani. Watoto sina. Dada, waranti ikoje ukianza kuigusa? Maana najijua, sitakaa bila kufunga kitu.

DadaKlachi:
Soma masharti mstari kwa mstari. Matairi, pedi za breki na oili nzuri havijawahi kunisumbua. Kompyuta usiiguse, kompyuta nyingi za sasa zinaacha kumbukumbu kwamba ramani ilibadilishwa, injini ikigoma wanaisoma na madai yako yanaweza kukataliwa. Yaendeshe kwanza mpaka uyazoee hayo magurudumu manne.

FundiWaJioni:
Shokapu tafuta seti iliyotumika yenye hali nzuri, au uiuze na koiliova zake, hazimtishi mnunuzi kama tabo. Yadi waambie unanunua kwa hela taslimu bila kubadilishana, uone bei ya Yaris inashuka kiasi gani, mara nyingine "ofa nzuri" ya gari la zamani wanairudisha kwenye bei ya jipya. Ukipata namba za kompresheni zilete hapa tuzione. Zikiwa karibu sawa silinda zote nne, mnunuzi utampata.