Mjadala: Mwalimu wa yoga akushike akunyooshe, au akuulize kwanza?

Mwanzisha mada
Wana Nairobi, tujadili bila matusi, na suala la dini tuliweke kando leo. Walimu wetu wengi bado wanafundisha kana kwamba kila mkao una umbo moja sahihi. "Nyonga ziangalie mbele! Kisigino chini!" Ukishindwa, anakuja nyuma yako kukusukuma.

Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha yoga cha karne ya 15, inaeleza mikao 15 tu, mingi ya kuketi. Hii ya kusimama inayotutoa jasho ilisambaa sana kupitia Krishnamacharya, mwalimu wa yoga wa India, na wanafunzi wake. Miaka ya 1930 alifundisha kwenye kasri la Mysore, na wengi wa aliowafundisha pale walikuwa wavulana. Leo mwili wa mvulana ndio kipimo cha mama wa miaka 50 wa mtaa wa Umoja!

Tundu la nyonga, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia, halifanani kwa watu wote. Kwa mmoja linaelekea mbele zaidi, kwa mwingine pembeni. Mfupa ukishakutana na mfupa, hata ujinyooshe mwaka mzima hupiti hapo. Ukilazimisha, goti ndilo litakaloumia.

Mwalimu, Kasarani
Ukiwalaumu wanafunzi wa Krishnamacharya wote, unamwonea Iyengar, mmoja wao. Ndiye aliyeeneza matofali ya mbao, mikanda na viti darasani, ili asiyefika naye afike. Kitabu chake cha 1966 kina picha za mikao ya kutisha, sikatai. Lakini utamwambiaje mgeni "sikiliza mwili wako" na ametoka kukaa kwenye foleni ya Thika Road? Anayeanza anahitaji umbo. Nikiona goti limeingia ndani, nasema.

Dada wa Pipeline
Kusema ni sawa. Kuvuta je? Kwetu alikuja mama fua. Akainama, viganja chini, magoti yamenyooka, maana ndivyo anavyoinamia beseni kila siku. Akapigiwa makofi. Kuinua mikono juu, bega la kulia likagoma. Mwalimu akalivuta. Hatujamwona tena.

Mfiziotherapia
Bega halivutwi jamani. Tena kuna ile amri ya "shusha mabega" huku mikono iko juu. Mkono ukipanda, mfupa wa bega nao lazima uzunguke na kupanda, ukiushusha unaubana. Walimu wengi wameiacha, hapa mjini bado naisikia. Na maumivu chini kabisa ya tako, pale msuli wa nyuma ya paja unaposhika mfupa, msiyaite "kufunguka". Ni kano inaumia.

Mwanzisha mada
Isitoshe, wanawake kadhaa waliosoma kwa Pattabhi Jois wa Mysore, mwanafunzi mwingine wa Krishnamacharya, aliyefariki 2009, wamesema hadharani kwamba aliwashika kingono kwa kisingizio cha kuwarekebisha. Ruhusa si jambo dogo.

Mwalimu, Kasarani
Ruhusa nakubali. Lakini Jumamosi ukumbi umejaa, nimuulize kila mmoja saa ngapi?

Dada wa Pipeline
Kizibo cha soda mbele ya mkeka. Kikiwa kifudifudi, usiniguse.