Naomba ushauri: kupenya benki za uwekezaji Toronto nikiwa chuo cha kawaida

Habari zenu wakuu. Nasoma fedha Kanada, mwaka wa pili, kwenye chuo ambacho mabenki ya Bay Street, mtaa wa fedha wa Toronto, hayaji kusaka vijana. Yanakwenda vyuo vya Ivey, Queen's na McGill. Wenzetu wa huko wana kaka na dada waliotangulia, wa kuwashika mkono. Sisi tunatuma maombi mtandaoni na kusubiri.

Ninachokitaka hasa ni kitengo cha madini, kile cha benki kinachohudumia kampuni za migodi. Nimekulia Kahama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na Barrick wanaouendesha makao yao yako Toronto. Jioni nakaa na ripoti zao za mwaka, najenga hesabu kwenye Excel: bei ya dhahabu ikishuka, thamani ya kampuni inabaki kiasi gani? Kazi hii naipenda kwa dhati. Je, nijitambulishe kama mtu wa madini tangu mwanzo, au nitajifungia milango mingine?

Jambo la pili linaninyima usingizi zaidi. Nafasi za mafunzo kazini za kiangazi cha mwaka wa tatu hufunguliwa mapema mno, na ajira nyingi hutokea humo humo. Nikizikosa, nihamie chuo kingine na kurefusha ada anayolipa mzee, au nianzie idara ya mikopo ya benki kisha nihamie ndani kwa ndani?

Waliopita njia hii, hasa mliokuja kwa kibali cha masomo, mlimwandikiaje mtu msiyemjua mpaka akakubali kuwasikiliza?