Mjadala: Kidani kimeuzwa galari, fundi hajalipwa. Hiyo pesa ni ya nani?

Mleta mada

Wadau, salaam. Naomba tulijadili hili waziwazi, maana linawagusa mafundi wengi wa vito vya mkono na wasanii wa kazi ndogondogo, na wengi wao huishia kunung'unika pembeni.

Utaratibu uliozoeleka ni mali kauli. Fundi anapeleka pete, vidani, hereni, pengine sanamu ya kuenea kiganjani. Galari, yaani duka la kuonyesha na kuuza kazi za sanaa, inaviweka kwenye kabati la kioo. Ikiuza, inakata kamisheni, ambayo mara nyingi ni nusu ya bei, na inayobaki ni ya fundi. Kisipouzwa, kinarudi kwa mwenyewe.

Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu unaanza pale mnunuzi anapolipa. Pesa inaingia kwenye akaunti ileile inayolipa pango, umeme na mishahara, na fundi hana habari kwamba kazi yake imetoka. Mimi niliwahi kumwona mama mmoja kwenye hafla amevaa bangili yangu, ilhali galari ilikuwa ikinihakikishia kwamba iko kabatini. Nilipouliza nikaambiwa nisubiri mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine.

Msimamo wangu ni huu: sheria itamke kwamba fungu la fundi ni amana. Galari imelishika kwa niaba yake, na haina ruhusa ya kuligusa. Si jambo jipya. Sheria ya New York inasema hivyo kuhusu kazi inayopelekwa galari kwa kamisheni: kazi yenyewe ni amana, na pesa ya mauzo yake ni amana. Tena haikuishia kwa wachoraji. Inataja pia kazi za mikono za udongo, kioo, mbao, chuma na vinginevyo, ilimradi si za kufyatuliwa kwa wingi kiwandani.

Na waliona kwa nini inahitaji meno. Galari ya Lawrence Salander, hukohuko New York, ilifungwa mwaka 2007. Ilikuja kubainika kwamba alikuwa akiuza kazi za watu bila wenyewe kujua na kuzitumia pesa zao. Mwaka 2010 alikiri makosa na akahukumiwa kifungo cha miaka 6 hadi 18. Mwaka 2012 sheria ikakazwa: mwenye galari anayekiuka amana hiyo anaweza kushtakiwa kwa jinai.

Nani anapinga, na kwa sababu gani? Karibuni.

Kabati la Kioo

Ndugu mleta mada, mimi ni mwenye galari, tena ndogo. Nashukuru umekuja na hoja badala ya matusi, kwa hiyo nami nitajibu kwa hoja.

Watu wakisikia "nusu" wanadhani tunakaa tu tunakula jasho la wenzetu. Hiyo nusu inalipa pango, bima, taa, ulinzi, vifungashio, makato ya kadi, na mtu wa kusimama pale tangu asubuhi akimweleza mgeni kwa nini pete ya fedha iliyofuliwa kwa mkono haiwezi kuwa na bei ya pete ya kiwandani. Fedha ikikaa inapauka kisha inakuwa nyeusi, kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, kwa hiyo kila kipande lazima kisafishwe, tena kwa mkono unaojua. Ukisugua bila kujua unaondoa weusi ambao fundi aliuweka makusudi kwenye michoro ili ionekane. Kipini kikilegea, mteja anakirudisha kwangu, hakipeleki kwa fundi. Akiomba apunguziwe, mara nyingi natoa kwenye fungu langu.

Sasa unataka nifungue akaunti ya pili nisiyoweza kuigusa. Galari kubwa inaweza. Sisi wadogo, wiki moja tunauza, wiki tatu tunaangaliana na vioo. Mzunguko huo wa pesa ndio unaofanya mlango uwe wazi. Ukiufunga, tutapandisha kamisheni au tutafunga.

Halafu kuna jambo mafundi hawalisemi. Mteja anaiona kazi kwangu, anauliza maswali saa nzima, anasoma jina, anaenda kumtafuta fundi mtandaoni na kuuziwa kwa nusu ya bei. Hapo amana iko wapi?

Lipa Kwanza

Mnajichosha bure. Sheria iseme galari inunue taslimu, kama duka lolote. Ukikipenda, kilipie, kiwe chako. Mjadala umefungwa.

Tupa na Msasa

Mkuu Lipa Kwanza, wazo lako nitamwachia mwingine. Mimi ni sonara, naomba niseme la mezani, maana naona mnazungumzia pesa kana kwamba kito kinatengenezwa kwa hewa.

Chukua pete ya kawaida yenye jiwe moja. Nakata ukanda mwembamba wa fedha, nauzungushia jiwe mpaka ncha zikutane bila kuacha hata upenyo wa unywele, nalehemu ncha hizo, naulehemu ukanda kwenye kitako, napiga tupa, napitisha msasa mkali hadi laini, ndipo naweka jiwe na kulisukumia ukingo taratibu upande huu na upande wa pili ili lisikae mshazari. Moto ukizidi kidogo kwenye kulehemu, ukanda unajikunja na unaanza upya. Kabla ya yote hayo nimeshanunua madini kwa pesa yangu. Hakuna anayeniuzia madini kwa mali kauli.

Sasa kito kimelala kabatini mwaka mzima kwa bei iliyoandikwa siku ya kwanza. Mwanzoni mwa 2024 wakia ya dhahabu ilikuwa juu kidogo ya dola 2,000. Oktoba 2025 ilivuka 4,000. Pete iliyopangiwa bei mwanzoni na kuuzwa mwishoni, fungu la fundi linaweza lisinunue hata dhahabu ya kuitengeneza tena. Mchoraji hapati pigo hili kwa ukali huu, turubai na rangi havipandi namna hiyo. Kwa hiyo mimi amana naiunga mkono, lakini haitoshi. Mkataba uwe na ukomo, tuseme miezi sita, na ukifika ama bei ipangwe upya ama kitu kirudi. Na fundi akitaka kubadili bei kwa sababu madini yamepanda, asionekane msumbufu.

Bila Dhahabu

Hapo kwa Lipa Kwanza ndipo ninapotofautiana kabisa, na naomba mnisome hadi mwisho kwa sababu ni jambo ninaloliishi. Mimi natengeneza vito kwa plastiki, karatasi na vyuma vya kuokota.

Galari ikilazimishwa kununua taslimu, itanunua kile ambacho ina hakika nacho. Hereni za duara. Pete za jiwe moja. Kitu cha ajabu kitaachwa mlangoni, na vito vya kisasa vimekuzwa na vitu vya ajabu. Mwaka 1967 Waholanzi wawili, Gijs Bakker na Emmy van Leersum, walitengeneza vidani vikubwa vya alumini vilivyosimama mabegani kama sehemu ya nguo, wakati watu walitarajia dhahabu na lulu. Mwaka 1980 Otto Künzli alitengeneza bangili ya mpira mweusi yenye tufe la dhahabu ndani, akaipa jina lenye maana ya "dhahabu hupofusha". Unachokiona ni uvimbe tu. Huwezi kuthibitisha kama dhahabu imo mpaka uukate mpira, na ukiukata umeiua kazi. Niambieni, mfanyabiashara gani angeweka pesa yake taslimu kwenye bangili ya mpira?

Kazi za aina hiyo zilipata pa kusimama kwa sababu walikuwepo watu waliofungua milango kwa ajili yake. Barbara Cartlidge na Ralph Turner walifungua galari ya Electrum mjini London mwaka 1971. Paul Derrez alifungua Galerie Ra mjini Amsterdam mwaka 1976, ikadumu hadi 2019. Leo fundi chipukizi akibisha hodi na kazi isiyo na soko bado, mali kauli ndiyo inayompa mwenye galari ujasiri wa kusema "lete tujaribu". Irekebisheni, msiiue.

Mpenda Vidani

Mimi ni mnunuzi tu. Ninapolipa, naamini nimemlipa fundi, na nikisikia kwamba bado anadai naona nimedanganywa. Ninachotaka ni stakabadhi yenye jina la fundi, aina ya madini na tarehe. Msinijibu kwamba muhuri wa madini, ule unaogongwa kwenye kito kuthibitisha usafi wake, unatosha. Hata Uingereza, ambako upigaji muhuri ni wa lazima kisheria, kitu cha fedha chenye uzito chini ya gramu 7.78 kimesamehewa, na hereni nyingi ziko chini ya hapo.

Mleta mada

Nimesoma zote. Bila Dhahabu, nakubaliana nawe moja kwa moja, na sikuwahi kutaka mali kauli ifutwe. Tupa na Msasa, ukomo wa miezi sita naona uwe kwenye mkataba, pande mbili zikubaliane, kwa sababu sanamu ya shaba na pete ya dhahabu haviendi mwendo mmoja. Stakabadhi ya Mpenda Vidani iingizwe kama ilivyo.

Ndugu Kabati la Kioo, la fundi kuuza kichochoro uko sahihi, na halina utetezi. Bei iwe moja galari na kwa fundi, na akikiuka galari iwe na haki ya kuvunja mkataba. Lakini kwenye amana sikuachii. Nusu yako hakuna anayeigusa, unaichukua saa ileile mteja anapolipa. Huo "mzunguko" unaousema ni nusu yangu. Unaukopa bila kuniomba, bila muda na bila riba, na mimi ndiye niliyekwisha kununua fedha na gesi ya kulehemu. Galari ikifilisika kesho, benki na mwenye jengo watagombania kabati pamoja na kazi yangu iliyomo, nami nitaambiwa nipange foleni na wadai wengine.

Kwa hiyo nataka sheria iseme mambo machache. Kila kitu kinachopokelewa kiandikwe: uzito, madini, bei. Fundi aarifiwe kikiuzwa, na alipwe ndani ya siku 30. Kazi ya mali kauli isihesabiwe kuwa mali ya galari wakati wa kufilisika. Na fungu la fundi likae peke yake, hata kama ni kwenye akaunti ndogo ya simu.

Nikuulize moja kwa moja, na wenye galari wengine wajibu pia: ukiuza pete yangu leo jioni, kuna sababu gani mimi nisijue kesho asubuhi?